Kabla ya kufungua kamba: mambo ya kuzingatia ukinunua boti nyembamba ya mifereji ya Uingereza

Muuzaji akishakukabidhi funguo, hamu ya kwanza ni kuwasha injini na kuondoka. Izuie. Boti ya chuma ya futi 57 ina uzito wa karibu tani 17, haina breki, na pengine imekaa miezi mingi imefungwa ikisubiri mnunuzi. Ipe wiki mbili palepale ilipo. Lala ndani yake, pika ndani yake, inua kila mfuniko wa sakafu, fuata kila bomba na kila waya kwa mkono mpaka ujue unaishia wapi. Mifereji ya Uingereza haina mawimbi wala kupwa na kujaa, kwa hiyo boti hizi haziangamizwi na bahari. Huzamishwa na maji yanayoingia tone kwa tone upande wa tezi (nyuma ya boti), au na dakika chache za kuzubaa ndani ya loki, chumba chenye malango cha kupandishia na kushushia boti. Kwa watu waliomo, hatari kubwa ni gesi ya kupikia na monoksidi ya kaboni. Maandalizi yafuate mpangilio huo wa hatari. Mapazia na rangi vitasubiri.

Anza na tezi, pale shafti ya rafadha (pangaboi) inapotoka nje kupitia mwili wa boti. Kwenye boti nyingi tundu hilo huzibwa kwa kamba maalumu iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, inayobanwa kuizunguka shafti. Ni wazo lilelile la kalafati ya jahazi, isipokuwa hapa kinachozibwa ni kitu kinachozunguka. Kando yake kuna kikopo cha shaba chenye grisi na mpini wa kuzungusha. Kila mwisho wa safari, zungusha mpini mpaka uhisi grisi inakataa kwenda. Mara nyingi mzunguko mmoja au miwili hutosha. Injini ikifanya kazi, matone machache kwa dakika si tatizo, kwa sababu ndiyo yanayoipoza shafti. Boti ikiwa imesimama, tone lisionekane. Likiendelea baada ya grisi, kaza nati mbili za kibanio kidogo sana, zote mbili kwa kipimo kimoja, kisha endesha dakika kumi na uguse kibanio. Vuguvugu ni sawa. Kikichoma kidole umekaza kupita kiasi, na utaikwangua shafti yenyewe. Nati zikiwa zimefika mwisho wa uzi, kamba imekwisha. Kazi ya kuibadilisha mwachie fundi, tena ikiwezekana boti ikiwa nje ya maji.

Chini ya shafti kuna ngama (sehemu ya chini kabisa ya boti, maji yanakojikusanya), na ndani ya ngama kuna pampu ya umeme yenye kielea kinachoiwasha yenyewe maji yakipanda. Usiamini kwamba inafanya kazi kwa sababu swichi ipo. Mwaga ndoo moja ya maji safi, tazama kielea kikiinuka, kisha toka nje uone maji yakirushwa. Pampu hiyo iunganishwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi, ili ukizima swichi kuu isizimike nayo. Msiba wa kawaida huanza hivi: shafti inavuja kidogo, pampu inawaka mara nyingi, betri inaisha, na mwenye boti yuko mjini wiki tatu. Ngama ya chumba cha kuishi ni nyingine kabisa. Mfuniko wake mdogo huwa nyuma, karibu na ngazi. Ukikuta maji humo, yakaushe kwa kitambaa, kisha angalia tena baada ya siku mbili. Yakirudi ilhali mvua haikunyesha, kagua mabomba ya maji safi, hita na sehemu ya kuogea, kabla hujaogopa kwamba chuma kimetoboka.

Juu ya rafadha kuna kisanduku chenye mfuniko kinachokuwezesha kuingiza mkono na kuondoa magugu, mifuko ya plastiki, nguo kuukuu au waya vilivyojizungusha. Utakihitaji, tena mapema kuliko unavyodhani. Sharti la kwanza: zima injini, toa ufunguo, uweke mfukoni mwako ndipo uiname. Weka karibu kisu chenye meno, msumeno wa chuma na koleo la kukatia waya. Sharti la pili ni la kurudisha. Hakikisha mpira wa kuzibia haujachanika, mfuniko umekaa sawa, kibanio kimekazwa. Kisha injini ikiwa bila gia utazame, tia gia taratibu, utazame tena. Mfuniko uliokaa upande hauonyeshi kitu boti ikisimama. Ukiongeza kasi, rafadha husukuma maji juu na kuijaza tezi kwa dakika chache.

Injini haitakusumbua ukijenga mazoea ya kila asubuhi: oili kwa kijiti, maji ya kupozea, mkanda wa alternata inayojaza betri (ukiubonyeza katikati usizame zaidi ya sentimita moja na kidogo), na glasi ya chujio la dizeli, ambako maji hujikusanya chini. Oili ya gia huangaliwa mara chache zaidi, kwa utaratibu wa kitabu cha injini husika. Kama huna hakika ya lini oili na machujio yalibadilishwa, badilisha sasa, uandike tarehe na saa za injini. Injini nyingi za aina hii hutaka hivyo kila saa 250 au mara moja kwa mwaka.

Adui wa boti iliyokaa ni dizeli chafu. Maji hutengenezwa na mvuke unaoganda kwenye kuta za tangi lisilojaa, na mpakani mwa maji na dizeli huota vijidudu vinavyoacha utandu mweusi kama ute. Gatini injini inaunguruma vizuri. Siku ya kwanza ya safari tope hilo linatikiswa, linaziba chujio, na injini inazima katikati ya mkondo. Kwa hiyo vuta sampuli kutoka chini kabisa ya tangi. Ikiwa na maji au utandu, safisha tangi au litiwe dawa kabla ya safari, na beba machujio mawili ya akiba. Jifunze pia kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta ukiwa bado umefungwa, kwa mwanga wa mchana, bila haraka. Ukiwa na tangi lililojaa wakati wa baridi, tatizo hili hupungua sana. Matumizi ni madogo: kwenye mfereji, takriban lita moja hadi moja na nusu kwa saa.

Boti nyingi hupoza injini kwa kuzungusha maji yenye dawa ya kuzuia kuganda ndani ya kisanduku kilichochomelewa kwenye ubavu, na mfereji wenyewe ndio unaochukua joto. Hewa ikinaswa humo, injini huchemka. Toa hewa kwenye skrubu iliyo juu ya kisanduku. Kuna jambo ambalo wanunuzi hawaelezwi: injini iliyotulia miaka yote mferejini inaweza kuchemka mtoni ikisukuma dhidi ya mkondo, kwa kuwa kisanduku ni kidogo kuliko joto la nguvu hiyo. Jaribu kwa kuifunga boti imara na kuiendesha kwenye gia kwa saa nzima huku ukitazama geji.

Sasa gesi. Mitungi hukaa kwenye kisanduku chake, mara nyingi omoni (mbele ya boti), na chini ya kisanduku hicho kuna matundu ya kutolea gesi nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani huteremka na kulala kwenye ngama ikisubiri cheche. Hakikisha matundu hayo hayajazibwa na majani, kamba au rangi. Soma tarehe iliyochapwa kwenye mpira wa gesi, na uubadilishe ukiwa umepasuka au una miaka mitano. Boti nyingi zina chupa ndogo ya kupimia: funga majiko yote, fungua mtungi, bonyeza kitufe uhesabu mpaka kumi au zaidi, mapovu yakionekana, kuna uvujaji. Hapo funga mtungi na umwite fundi aliyesajiliwa Gas Safe (orodha rasmi ya mafundi wa gesi) mwenye sifa za kazi ya botini. Ukichagua mtungi, chagua propani. Butani hukataa kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0, na utakosa chai asubuhi ile unayoihitaji zaidi.

Kengele ya monoksidi ya kaboni imekuwa sharti la ukaguzi wa Boat Safety Scheme (mpango wa usalama wa boti) tangu Aprili 2019. Weka moja kwenye chumba chenye jiko na nyingine chumbani mnakolala, zenye alama ya EN 50291-2, ambayo ndiyo ya vyombo vya kuishi kama boti. Zibonyeze kila wiki. Jiko la makaa lina mambo matatu ya kukagua: kamba ya mlangoni inayozuia moshi, kioo kisicho na ufa, na bomba lililosafishwa masizi mpaka juu. Matundu ya hewa ya mlangoni na darini huleta baridi, na mtu aliyekulia pwani atatamani kuyaziba kwa matambara usiku wa kwanza wa Januari. Usithubutu. Ongeza blanketi.

Umeme ndio unaowachanganya wageni wengi, basi tuhesabu. Kuna betri ya kuwashia injini, na kuna kundi la betri za nyumbani. Tuseme ni nne za risasi, kila moja ampea-saa 110, jumla 440. Betri za risasi hufa mapema zikishushwa chini ya nusu, kwa hiyo ulicho nacho kwa kweli ni 220. Friji ya volti 12 hula 40 hadi 50 kwa siku. Ongeza taa, pampu ya maji, simu na kompyuta, unafika 90 au 100. Hiyo ni siku mbili, na ni kwa betri nzima. Betri za boti ya mtumba mara nyingi zimechoka. Zijaze kabisa, ziache saa 12 bila kutumia kitu, kisha pima volti: 12.7 ni nzuri, 12.4 inatia shaka, 12.2 ni nusu. Birika la umeme la wati 2,000 kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) huvuta zaidi ya ampea 170, kwa hiyo chemsha maji kwa gesi. Alternata hujaza haraka mpaka karibu asilimia 80, kisha kasi hushuka. Sehemu iliyobaki hutaka saa nyingi. Sola hufaa sana kwa kumalizia hapo, kuanzia Aprili hadi Septemba. Desemba usiitegemee. Na ukiwa umefunga karibu na watu, injini haiwashwi kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi.

Ukichomeka umeme wa gatini, waya wa ardhi unaiunganisha boti yako na boti za jirani, na chuma chenu kinageuka kuwa betri moja kubwa majini. Kifaa cha kutenga mkondo huo mdogo kisipokuwepo, vipande vya magnesi vilivyochomelewa ubavuni huliwa haraka, kisha huliwa chuma chenyewe. Kama boti haina, kinunue kabla ya kitu kingine chochote cha umeme. Ripoti ya mkaguzi uliyopata wakati wa kununua ina vipimo vya unene wa chuma. Boti nyingi za kisasa zilianza na milimita 10 chini na 6 ubavuni. Tazama ni lini ilipakwa lami mara ya mwisho. Kazi hiyo, ambayo ni kama kupaka jahazi shahamu, hurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na mafundi wenye gati kavu wana foleni ndefu, basi weka nafasi mapema.

Maji ya kunywa hukaa kwenye tangi omoni. Hujui aliyetangulia alilisafisha lini. Tia dawa ya klorini kwa kipimo cha pakiti, fungua kila bomba mpaka unuse klorini, acha saa kadhaa, mwaga, jaza, mwaga tena. Lita 500 ni nusu tani, kwa hiyo tangi likijaa omo hushuka na boti hugeuka kwa namna tofauti na ulivyoizoea. Nunua mpira wa maji ya kunywa wa mita 30, kwani bomba la mferejini haliko karibu kila mara. Kuhusu choo, cha kaseti (chombo cha uchafu kinachochomolewa na kubebwa) hujaa kwa watu wawili ndani ya siku mbili hadi nne, na kaseti ya pili inakuondolea wasiwasi wote. Cha tangi kubwa huvutwa kwa malipo. Ukiwa na cha mboji, jua kwamba Canal & River Trust, shirika linalosimamia mifereji mingi, hawaruhusu kinyesi chake kwenye mapipa yao; uwe na mahali pa kukiozesha mpaka mwisho.

Karatasi ni tatu na hazina mjadala: cheti cha Boat Safety Scheme, cha miaka minne; bima ya madhara kwa wengine, ambayo Canal & River Trust wanataka isipungue pauni milioni 2; na leseni yao, ambayo haitoki bila hizo mbili. Shirika hili lilichukua kazi ya British Waterways mwaka 2012 na linasimamia takriban maili 2,000 za njia za maji za England na Wales. Sehemu ya Mto Thames isiyofikiwa na kupwa na kujaa iko chini ya Environment Agency (wakala wa mazingira wa serikali) na ina leseni yake, ingawa kuna leseni ya Gold inayofunika pande zote mbili. Leseni si uthibitisho wa umiliki, hivyo hati ya mauziano iliyosainiwa ihifadhiwe mahali pakavu. Katika kuomba leseni utaulizwa kama una gati la kudumu. Kama huna, sheria ya British Waterways ya 1995 inakutaka uwe safarini kweli, usikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Kuzunguka kati ya vijiji viwili kwa sababu ya shule au kazi kumewapotezea watu leseni.

Vifaa vya safari viwekwe tezi, mkono ulipo. Mikono ya chuma ya kufungulia vilango vya maji vya loki iwe miwili au mitatu, maana mmoja utaanguka majini. Kuna ufunguo wa Canal & River Trust wa mabomba na vyoo, na kuna ufunguo mdogo wa vilango vilivyofungwa kuzuia wahuni. Kamba tatu: omo, tezi na ya katikati. Hiyo ya katikati ndiyo utakayoitumia zaidi, na urefu wake upimwe ili ikidondoka nyuma isiifikie rafadha. Mambo za chuma (vigingi vya kufungia boti) na nyundo nzito kwa ukingo wa udongo, kulabu za mabati kwa ukingo wa chuma. Upondo wa kujisukuma ukipwelewa. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu. Ukipanga kuingia mtoni, nanga yenye mnyororo na kamba, tayari imefungwa kwenye boti, isiwe chini ya godoro.

Kabla ya loki ya kwanza, elewa kizingiti. Loki ni chumba chenye malango pande mbili; chini ya lango la juu kuna ukingo wa mawe au zege unaojitokeza ndani. Unaposhuka, tezi ikiwa nyuma mno, hukalia ukingo huo huku maji yakiendelea kupungua. Omo huinama, maji huingia mlangoni, boti inazama mbele ya macho yenu. Mstari mweupe ukingoni unaonyesha mpaka wake. Kaa mbele yake, na mshika kana (mpini wa usukani) asiuache mstari huo machoni. Ikitokea, funga vilango vya chini mara moja, kisha ingiza maji taratibu kwa vya juu. Unapopanda, hatari iko omoni: dapra ya mbele (mto wa kuzuia kugongana) ikinasa chini ya boriti ya lango, omo huzuiliwa huku maji yakipanda. Hapo ni kinyume: funga vya juu, toa maji kwa vya chini. Dapra za ubavuni ziinuliwe, kwa sababu loki nyembamba zina upana wa futi 7 hivi na boti yako ina futi 6 na inchi 10. Mkono wa chuma usiachwe ukining'inia kwenye ekseli. Kibanio kikiteleza huzunguka kwa kasi na kuvunja mifupa. Kubalianeni ishara za mikono, maana kelele za injini na maji humeza sauti.

Jifunzeni uendeshaji mahali pasipo na loki. Ashby Canal, mashariki ya Birmingham, ina maili 22 hivi bila loki hata moja, na inafaa sana. Sukani hutii tu rafadha inaposukuma maji juu yake. Ukiondoa gia kabisa unabaki bila usukani, na ukirudi nyuma boti huenda inakotaka. Geuzeni mara kadhaa mahali palipopanuliwa kwa kugeuzia. Kasi ya juu ni maili 4 kwa saa, ila mkipita boti zilizofungwa shusheni mpaka mwendo wa chini kabisa wa injini, kwa maana wimbi lenu ndilo linalong'oa mambo za wenzenu. Mkikutana na chombo, shikeni kulia. Taa ya mbele na honi vijaribiwe: katika handaki la Blisworth, karibu kilomita 2.8, boti mbili hupishana gizani.

Kukadiria muda, jumlisha maili na loki, gawanya kwa tatu. Maili 6 na loki 6 ni saa 4. Wiki ya kwanza saa nne kwa siku zinatosha, na Caen Hill, mteremko wenye loki 29, ungoje. Soma matangazo ya kufungwa kwa njia kabla ya kila safari: Novemba hadi Machi loki hufungwa kwa matengenezo, na kiangazi kikali hupunguza maji ya mabwawa. Jioni ya siku ya kwanza, mkishafunga kamba, zungusha kikopo cha grisi, tazama ngama kwa tochi, soma volti za betri, uandike saa za injini daftarini. Kesho yake asubuhi tazama ngama tena kabla hujawasha injini. Ikiwa kavu, endeleeni. Ikiwa na maji, hamwendi popote mpaka mjue yametoka wapi.